Kiti ya kujiundia pedali ya gitaa: nimeilehemu mwenyewe hapa Mombasa, majibu ndo haya

Kwanza tuelewane, nasema kiti ya pedali, yaani vipuri vilivyofungwa pamoja uunde mwenyewe kile kiboksi cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa, sio kiti cha kukalia. Mamangu aliposikia nimeagiza kiti kutoka China aliniuliza kwani mafundi seremala wa Kongowea wamekwisha wote, mpaka kibahasha kilipofika, kidogo kama mkate wa mofa, ndo akaelewa, ama tuseme hakuelewa ila alinyamaza.

Mimi napiga gitaa kwa bendi, harusi kuanzia Majengo mpaka Likoni, hoteli za Nyali na Bamburi wageni wakiwepo, mara moja moja Mtwapa usiku. Sio msanii wa kutajika, ni wale wa kulipwa mwisho wa shoo na nauli ujijue. Pedali yangu ya zamani niliisahau kwa tuktuk pamoja na begi lake (nshasamehe), na pedali mpya ya jina kubwa inakula malipo ya shoo nne tano, kwa hivyo nikaona bora nijaribu hii ya kujiundia, ilinitoka 1,900 pamoja na usafiri. Ilikaa njiani wiki tano, nikaenda kuichukua posta ya Digo Road nikiwa na furaha kama mtoto wa Idi.

Ndani mna bodi moja ya kijani ukubwa wa kiberiti, rezista nane, vikapasita sita, chipu moja ya miguu minane imeandikwa 741, soketi ya kuichomekea, dayodi mbili (vipuri vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) za jerimaniamu ambazo ni vioo vidogo unaona mpaka kijiwaya cha ndani, volyumu mbili za kuzungusha, jeki mbili za kuchomeka waya, tundu la adapta, swichi ya kukanyaga yenye miguu tisa, taa ya LED nyekundu na nyaya za rangi tatu. Kasha hamna. Maelezo hamna, ni kikaratasi chenye picha ya bodi iliyopigwa fotokopi mpaka namba zimekuwa madoa. Hapo ndo nilianza kuelewa kwa nini ilikuwa rahisi.

Ukifuata njia za bodi utagundua ni mpangilio ule ule wa MXR Distortion+, ile pedali ya manjano ya miaka ya sabini kutoka Rochester, New York. Na ni mpangilio mzuri wa kuanzia sababu ni mchache na unaeleweka. Sauti ya gitaa inaingia ikiwa ndogo sana, chipu inaikuza, ukifungua volyumu ya gaini (ile ya kuamua sauti ikuzwe kiasi gani) mpaka mwisho inakuzwa zaidi ya mara mia mbili, ikitoka hapo inakutana na dayodi mbili zimefungwa kichwa mkia, moja yaangalia huku na nyingine kule, zote zimeshika ardhi, yaani upande wa hasi wa umeme. Sauti ikipanda kupita kama volti 0.3 dayodi inafunguka inamwaga kilichozidi, ikishuka upande wa pili ile nyingine inafanya hivyo hivyo. Kama ndoo tu, ikishajaa hata ufungue bomba vipi maji hayapandi, yanamwagika. Ile mawimbi kukatwa vichwa ndo ule mngurumo tunaoulipia pesa.

Na kitu kinachonichekesha ni kwamba mchezo huu wote ulianza na ubovu. Mwanzoni mwa miaka ya sitini kule Nashville, Marekani, chaneli moja ya mitambo ya studio iliharibika katikati ya kurekodi, gitaa la besi likatoka linakoroma, na badala ya kurudia wakaliacha, watu wakalipenda, mwaka 1962 Gibson, wale waunda magitaa, wakatoa kiboksi cha Maestro Fuzz-Tone kwa ajili ya kuleta ule ukoromaji kwa makusudi. Hapa kwetu spika ikikoroma harusini mwenye harusi anakukata nusu ya malipo.

Haya, kuunda. Chuma cha lehemu nilikuwa nacho cha wati 40, lehemu nikawa sina, na kwa haraka zangu nikaenda kwa fundi mmoja wa bati, wale wanaounda karai na vibatari, akaniuzia kipande cha lehemu na kopo la dawa ya kupaka. Ndugu zangu, ile dawa ni asidi. Bati linaipenda, bodi ya elektroniki inakufa nayo. Nikalehemu kila kitu vizuri, nikajipongeza, nikaiweka juu ya kabati karibu na dirisha (nyumba yetu upepo wa bahari unaingia moja kwa moja) na baada ya wiki mbili nikakuta kila kiungo kimeota majani, kijani kibichi kama shaba ya zamani, na miguu miwili ya rezista ukiigusa inatoka. Asidi na chumvi ya bahari, hao wawili wakikutana hakuna kinachobaki. Hili sio kosa la kiti, ni kosa langu, ila mkaazi yeyote wa pwani anayetaka kuingia kwa mchezo huu alijue kabla hajapata hasara. Nunua lehemu nyembamba ya elektroniki yenye utomvu ndani yake, ile ikichomwa inatoa moshi wa harufu ya msonobari, na ukimaliza nawa mikono kabla hujagusa mahamri maana ndani mna madini ya risasi.

Nikaisafisha bodi kwa spiriti na mswaki wa zamani, nikalehemu upya viungo vyote, halafu fundi mmoja mzee wa redio pale Mwembe Tayari akanipa siri. Aliitazama bodi yangu kwa muda, akainusa (wallahi aliinusa) akasema, "Mwanangu, hii umeitia tindikali. Sasa ipake rangi ya kucha, ile isokuwa na rangi." Nikamuuliza, "Rangi ya kucha ya wanawake, mzee?" Akasema, "Kwani wewe wajua nyingine?" Nikaiba ya dada yangu, nikapaka upande wa chini wa bodi mipako miwili, sehemu za soketi na volyumu nikaziacha. Mpaka leo miezi saba haijaota kitu. Dada yangu bado anatafuta kichupa chake.

Baada ya hapo nikaunganisha, nikakanyaga, kimya. Ukizima pedali gitaa linalia, ukiwasha halilii, taa inawaka vizuri kabisa inanitazama. Hapa ndo wengi hutupa kila kitu ndani ya droo na kusema nimeibiwa. Mimi nilifanya hivi: nikachukua waya wa gitaa wa zamani, ncha moja ikaenda kwa amplifaya, ncha nyingine nikaikata, ule wavu wa nje nikaushika na ardhi ya bodi, na waya wa katikati nikaulehemu kapasita ndogo mbele yake, kama kidole. Halafu nikampa mdogo wangu gitaa nikamwambia piga nyuzi tu usiache, mie nikawa nagusa bodi na kile kidole sehemu moja baada ya nyingine kufuata njia ya sauti. Mlangoni, gitaa lasikika. Mguu wa tatu wa chipu, lasikika. Mguu wa sita, yaaani lalia kwa nguvu mpaka jirani akabisha ukuta. Baada ya kapasita ya kutokea, lipo. Baada ya rezista ya 10k, limepotea! Basi mgonjwa yuko hapo hapo. Nikaweka bodi kwenye mwanga wa simu nikaona tone la lehemu dogo kuliko chembe ya mchele limeunganisha mguu wa dayodi na ardhi, kwa hivyo sauti yote ilikuwa inamwagwa, sio ile iliyozidi tu. Nikalipitishia chuma cha moto, likaondoka, pedali ikanguruma saa tano usiku na mdogo wangu akaruka kama aliyepigwa na stima. Hiyo raha siwezi kuieleza na hakuna pedali ya kununua dukani imewahi kunipa.

Raha ilidumu siku tatu. Betri ikaisha (niliacha waya umechomekwa, na kwenye pedali nyingi jeki ya kuingilia ndo swichi ya betri, ukiacha waya ndani betri inaliwa usiku kucha) nikatafuta adapta nyumbani, nikapata ya ruta mbovu, volti 9, tundu sawa, nikachomeka. Harufu. Adapta za pedali za gitaa kwa kawaida hasi iko katikati na chanya iko nje, adapta za ruta na vitu vingi vya nyumbani ni kinyume. Kile kikaratasi hakikusema chochote na bodi haina dayodi ya kuzuia umeme wa kinyume, kitu ambacho thamani yake ni shilingi tano kumi. Hapa nawalaumu kabisa walioiuza. Kiti ya mtu anayejifunza ndo hasa inatakiwa iwe na kinga, sababu anayejifunza ndo atakosea. Sasa nimeweka dayodi ya 1N4001 mwenyewe, imelala kati ya chanya na ardhi, mkia wenye mstari upande wa chanya.

Chipu ilikuwa imekwenda na maji. Nikaenda duka moja la vipuri mjini, sitolitaja jina, lina droo ndogo ndogo mpaka darini na kijana wa kaunta hatazami droo, mkono wajua wenyewe. 741 hakuwa nayo siku hiyo, akanipa TL071 kwa shilingi sitini akasema miguu ni ile ile. Nikadhani ananiuzia mbuzi kwenye gunia, kumbe kweli, miguu yote inayotumika imekaa sawa sawa, nikaichomeka kwenye soketi (hapo kwenye soketi nawapa sifa wenye kiti, bila hiyo ningelehemu miguu minane upya) na pedali ikafufuka, tena na ule mchirizo wa shhh ukapungua. Ila sauti ilibadilika kidogo, ikawa na makali zaidi juu. 741 ni chipu ya mwaka 1968, ni nzito, haiwezi kufuata mabadiliko ya haraka, na huo uzito wake unalainisha ncha za sauti. Baadaye nilipata 741 nikairudisha, sasa ninazo zote mbili, harusi natumia TL071, nyumbani nikiwa na amplifaya ndogo natumia ile nzee.

Bado niko kwa lile duka kidogo. Kizuri chao ni kwamba hawakucheki ukinunua rezista mbili. Kibaya, vitu vya gitaa hasa hawana, swichi ya miguu tisa hawajui hata ni ya nini, na jeki walizonazo ni za spika za kanisani, nene. Volyumu wanazo za kila namna, na hapo waliniokoa, maana volyumu ya gaini iliyokuja na kiti ni ya B, ile inayopanda sawasawa, na kwa mpangilio huu inakuwa ovyo kabisa: unazungusha unazungusha hakuna kitu, ukifika robo ya mwisho ghafla kila kitu kinalipuka pamoja. Inayotakiwa ni ya C, inayokwenda kinyume, hawana, lakini nilichukua A ya 500k nikaifunga miguu ya pembeni kinyume, ikawa inafanya kazi vizuri sana ila kufungua unazungusha kushoto. Nishazoea. Mpiga kinanda wetu akiigusa anapotea na mie nacheka.

Swichi ya kukanyaga iliyokuja nayo usiiamini. Miguu yake imeshikwa na plastiki laini, ukikawia na chuma cha moto zaidi ya sekunde tatu mguu unalala upande, mmoja wangu ulilala. Ilidumu shoo nne halafu ikaanza kukwama katikati, huku wala huku, na kukwama katikati ya wimbo mbele ya bibi harusi ni aibu ya kipekee. Nimeagiza nyingine nzuri, ikanitoka 450. Jeki nazo zimelegea. Kwa ufupi kila kitu kinachoguswa na mkono au mguu kwenye kiti hii ni cha kutupa, na kila kitu kilichokaa kwenye bodi ni kizuri.

Kasha nalo lilinipa kazi. Wenzetu huko nje wananunua vikasha vya alumini ya kumiminwa kwenye kalibu, mimi nilienda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua lile boksi la chuma la soketi mbili za ukutani, 3x6, na mfuniko wake wa chuma mtupu, bei haifiki hata mia tatu. Nikalipindua, kitako kikawa ndo juu. Matundu yake ya pembeni ni makubwa kwa jeki, kwa hivyo ilibidi niweke washa pana (pete bapa za chuma) mbili mbili kila upande, na kutoboa tundu la swichi, milimita 12, nilimlipa kijana mwenye keekee ya umeme shilingi mia akatoboa yote kwa dakika kumi huku akiniuliza hii ni bomu ama ni nini. Chuma ni muhimu, sio urembo. Kwanza nilijaribu kopo la plastiki la aiskrimu na pedali ikawa inaimba mmm ya stima ya ukutani muda wote, siku moja ikashika na redio, shehe anatoa mawaidha ndani ya solo yangu. Boksi la chuma likishikana na ardhi hayo yote yanaishia nje. Ila chuma sio alumini, kwa hewa yetu kinashika kutu, piga msasa halafu rangi kabla hujaingiza kitu. Langu ni bluu ya mashua, rangi iliyobaki kwa mjomba.

Sauti je? Kwa miziki ya roki ni nzuri, ya kizamani, ina mchanga kidogo. Lakini mimi riziki yangu ni bango na chakacha na zilizopendwa, na huko gitaa linatakiwa safi, linang'aa, ukileta mngurumo wazee wanakaa chini. Kwa hivyo gaini naiweka chini kabisa na volyumu juu, inakuwa ya kuniinua tu zamu yangu ya solo ikifika, maana ukisimama na saksafoni na kinanda bila kitu cha kukuinua wewe ni pambo. Na hapo ndo niligundua shida nyingine: ukifungua gaini besi inapungua, sauti inakuwa ya puani. Sababu ni kapasita moja ya 47nF iliyokaa na rezista ya 4.7k, hao wawili wanapunguza kila kilicho chini ya kama 720Hz. Nikabadilisha nikaweka 100nF, shilingi kumi, mpaka ukashuka nusu, nyuzi nene zikarudi na mwili wao. Halafu nikatoa dayodi za jerimaniamu nikaweka mbili za kawaida za 1N4148, zinakata kwenye volti 0.6 hivi badala ya 0.3, sauti ikawa kubwa zaidi na haikatwi mapema. Nikazilehemu zile za jerimaniamu kwenye swichi ndogo ya pembeni, kwa hivyo nachagua. Kitu kama hicho nenda kaombe dukani.

Hesabu sasa. 1,900 ya kiti, 450 ya swichi, boksi, kutoboa, volyumu, chipu, lehemu ya pili, betri mbili, imefika 3,600 na kitu bila kuhesabu rangi ya kucha. Ukiwa mvumilivu kwa pesa hiyo unapata pedali iliyotumika, inafanya kazi siku hiyo hiyo. Kwa hivyo anayesema anajiundia ili aokoe pesa, muulize tena. Nikiambiwa nitoe nyota natoa tatu na nusu juu ya tano, ile moja na nusu imekwenda na swichi, kikaratasi na kukosa kinga. Kama una mita ya kupimia na mtu wa kukupigia nyuzi wakati unatafuta ubovu, nunua. Ukipima, mguu wa saba wa chipu uwe na volti 9, wa nne sifuri, wa sita nusu yake, kama 4.5. Wa tatu mita itakuonyesha pungufu kidogo, usishtuke, ni mita yenyewe inavuta.

Nimeshaagiza ya pili, ya fazi (ule ukoromaji wa Maestro) ya transista mbili kwa mtindo wa Fuzz Face ya London ya 1966. Zilikuwa za aina mbili, nikachagua ya silikoni nikaiacha ya jerimaniamu, maana transista za jerimaniamu joto likizidi zinavuja na sauti inahama, na mimi napiga chini ya banda la bati Februari. Mpiga besi naye ameshaniwekea oda ya pedali yake. Mamangu aliuliza safari hii naleta nini, nikamwambia meza.